Nani Alipita Nyuma ya Goli

Mbeya,
12 Januari 1956

Mdogo wangu mpenzi Ikupa,

Ndaga sana, nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bartholomeo na watoto, kama mimi nilivyo mzima hapa, isipokuwa goti la kulia linalonitangazia mvua kabla ya mawingu. Mvua za mwaka huu ni nyingi. Mahindi yamefika kiunoni, maharage ya bondeni yameoza kidogo. Krismasi tuliila vizuri. Nilipika wali wa watu sitini kanisani na haukuungua hata punje. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini mke wa mchungaji mwenyewe aliuliza ni nani aliyekaa jikoni.

Nakuandikia Kiswahili ili shemeji akiisoma asidhani tunamsengenya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Msimu wa mpira utafunguliwa mwezi wa sita, mvua zikikatika na uwanja ukikauka, na hapa Mbeya hakuna mazungumzo mengine. Katibu wa chama chetu, Sedekia fundi cherehani, kila jioni huweka benchi nje ya duka lake, na watu hukaa pale kuligawana Kombe la Jimbo kana kwamba ni nyama ya ng'ombe. Mimi kama mlezi wa timu nina nafasi yangu benchini, na wakiniuliza huwaambia. Tukuyu wana mbio, lakini wakifungwa goli moja wanagombana wao kwa wao. Chunya wana vifua vya kuchimba dhahabu, wanaupiga mpira kama mwamba, ila kipindi cha pili hawana pumzi. Njombe wanakuja na baridi yao na kurudi nayo. Na Gangilonga ya Iringa, samahani mdogo wangu maana sasa ndiyo kwenu, mwaka jana golikipa wao alikuwa na mikono ya siagi. Kwa hiyo Kombe ni la Nyota ya Loleza yetu, labda tulikatae wenyewe. Mfungaji tunaye, Isakwisa, na kila mtu amemwona. Limebaki goli. Na goli letu, wote wanajua, ni la Asukile wangu.

Tangu serikali imhamishie karakana ya magari huko kwenu mwezi wa kumi, ameniandikia mara moja tu, mistari minne, na miwili ilikuwa salamu. Najua kazi ni nyingi. Yale ya mwaka jana mimi nimeyasahau, naye mwambie ayasahau. Mwambie aombe likizo ya Juni mapema. Nimekwisha kuwaambia watu wa benchini kwamba anakuja, na jezi zote kumi na moja nimeshona kwa mkono wangu, ya kwake nimeitia kola. Alinanuswe, binti wa mzee wetu wa kanisa, anamsalimu. Hapo sisemi zaidi.

Ni mimi dada yako, mama wa golikipa,
Tusekile


Kihesa, Iringa,
20 Februari 1956

Dada Tusekile,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, lakini Bartholomeo aliiweka ndani ya koti, na koti akalisahau alikokwenda kunywa ulanzi. Ndio msimu wenyewe, mianzi inatoa na wanaume hawaonekani. Tu wazima. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili ya chini na amekwisha kuyajaribu kwangu. Pole na maharage.

Asukile ni mzima. Anakaa kwetu chumba cha nje, anakula vizuri, na kazini wanamsifu. Salamu zako nilimpa, na barua aliisoma mwenyewe. Akasema atakuandikia. Kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji, kazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Huku nako wana benchi lao, nje ya kinyozi. Wao wanasema Mbeya ni timu ya mtu mmoja, na huyo mmoja ana mguu mmoja, wa kulia. Wanasema mwaka huu goli la Gangilonga limepata mwenyewe. Sikuuliza ni nani. Asukile hufanya mazoezi nao jioni, kunyoosha viungo tu, maana mtu akilala chini ya malori kutwa nzima mgongo unaganda.

Usiwaogope Gangilonga, Dada. Ngoja nikuchekeshe. Jumamosi iliyopita nilipita uwanjani, Asukile yuko golini, wanampigia mashuti naye anadaka kama mtu anayechuma mapera. Mara akageuza shingo. Akaacha goli wazi, akatimka mpaka kwenye mikaratusi, akachuchumaa nyuma ya mti, akajifunika uso kwa jezi. Mpira ukaingia golini polepole, kama mgonjwa anayekwenda zahanati. Vijana walicheka mpaka wakalala chini. Nyuma ya goli hapakuwa na kitu, ila wanawake wawili watatu waliokuwa wanatoka sokoni na matenga yao. Nadhani ni nyuki. Sasa timu ya namna hiyo itawafanya nini ninyi?

Bartholomeo anakusalimu sana. Watoto wanauliza shangazi wa Mbeya atakuja lini, hata nikiwaambia wewe ni mama mkubwa hawasikii.

Mdogo wako,
Ikupa


Mbeya,
4 Machi 1956

Mdogo wangu Ikupa,

Salamu. Sisi ni wazima, mvua zinaendelea, mbuzi amezaa pacha, mmoja amekufa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne na wewe ulifika la sita, lakini usinisomeshe nyuki.

Umesahau mwaka ulioolewa, mama yetu alipokuja kukutembelea Kihesa na mimi nimembebea mzigo? Bartholomeo alikuwa anakuja na baiskeli. Alipomwona mama akajitupa mferejini, yeye na baiskeli yake, akakaa humo kwenye maji mpaka kiunoni tulipokwisha kupita. Mama akalia njia nzima akidhani umeolewa na mwenye kifafa. Ni wewe uliyetueleza. Kwetu mke ndiye anayemkwepa baba mkwe. Kwao, ukasema, mwanamume hakutani na mama mkwe. Hampi uso, na kumpa mgongo ni tusi. Lazima aondoke, hata kama ameshika kaa la moto.

Sasa nijibu neno moja tu. Nani alipita nyuma ya goli?

Na kama ni yule ninayemfikiria, mama wa msichana fulani, basi mwambie Asukile hivi. Mtu hana mkwe ambaye mama yake hajampa. Mimi sijapeleka jembe la posa kwa mtu yeyote Iringa. Kwa hiyo huyo mwenye tenga si mkwe wa mtu, ni mpita njia, na mpita njia hakimbiwi. Asimame golini kwake. Alinanuswe amekwisha kuanza kuniita mama, na mzee wa kanisa ameanza kuniuliza habari za ng'ombe.

Sikuandika kwa hasira. Kalamu yenyewe ndiyo nzito.

Dada yako,
Tusekile


Kihesa,
2 Aprili 1956

Dada,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Sijui barua hii itafika lini. Madereva wanasema barabara imekatika kwa maji upande wa Chimala, magari yanalala huko siku mbili tatu. Watoto wazima. Bartholomeo mzima, ulanzi umeanza kupungua, namwona tena nyumbani.

Anaitwa Paskalina. Ni binti wa watu wa Kilolo, wakulima, Wakatoliki. Mama yake huja Kihesa kila Jumamosi kuuza njegere, na ndiye aliyepita nyuma ya goli. Kabla ya Pasaka Bartholomeo alikwenda kwao kama mzee wa Asukile, akapeleka jembe la kubisha hodi. Wamelipokea. Hukuulizwa kwa sababu Asukile alisema ukiulizwa wewe, Mbeya yote itajua kabla yake.

Dada, nitakuambia asilokuambia yeye. Serikali haikumhamisha. Aliomba mwenyewe. Mwaka jana walipofungwa matatu na Chunya, wewe ulisimama benchini ukawaambia watu wote kwamba mwanao hakushindwa, ila alikuwa anaharisha siku tatu. Najua ulikuwa unamtetea. Lakini miezi miwili watoto walimfuata njiani wakimpungia majani ya migomba, wakimwuliza kama anayahitaji. Hayo ndiyo uliyoandika kwamba umeyasahau. Yeye hajasahau.

Na golikipa mpya wa Gangilonga ni yeye. Ametia sahihi. Tarehe 16 Juni, siku ya kufungua msimu, Gangilonga wanakuja Mbeya.

Ninakuomba kitu kimoja, nikiwa nimepiga magoti. Habari ya nyuma ya goli usimwambie mtu. Mama mdogo wake Paskalina ameolewa huko huko Mbeya. Anaitwa Apolonia, anauza vyungu sokoni. Asukile hajapata kumwona, lakini kwa desturi ya huku mama mdogo ni mkwe kamili, sawa na mama mzazi. Watu wa benchini wakijua, watamkalisha nyuma ya goli, na Asukile atafanya nini? Akikimbia, Gangilonga watasema ameuza mechi kwa watu wa kwao. Akisimama, Kilolo watarudisha jembe. Baba wa binti amekwisha kusema, mwanamume asiye na haya mbele ya mkwe hapewi mtoto wa mtu. Akikimbia anakosa jina, akisimama anakosa mke.

Nimekuambia ili ujue uzito wake.

Ikupa


Mbeya,
29 Aprili 1956

Mdogo wangu Ikupa,

Ndaga. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja. Hapa mvua zinaaga. Tumevuna maharage ya pili, viazi ni vingi mpaka tunawapa nguruwe. Mke wa mchungaji alikuwa na homa, nikampelekea uji wa ulezi, akapona siku hiyo hiyo, mwenyewe amewaambia watu. Yule mbuzi aliyebaki ananyonya vizuri. Kanisa limepakwa chokaa upande wa mbele.

Kuhusu yale mengine sina la kusema. Sikulia. Ile jezi nimeifumua kola.

Mpira: Isakwisa amepata viatu vipya na sasa anapiga na mguu wa kushoto pia, waambie wa kinyozi. Habari za Asukile kuchezea Gangilonga zimefika hapa bila mimi, zimeletwa na madereva. Watu wa benchini walikuja nyumbani kunipa pole kama mfiwa. Wamekata tamaa kabisa. Wanasema Tukuyu tutawapiga, Chunya tutawapiga, lakini Gangilonga sasa wana golikipa bora wa jimbo zima, na aliyemzaa ni mimi. Sedekia alikunywa chai vikombe vitatu. Akasema hakuna binadamu awezaye kumfunga Asukile.

Niliwajibu kidogo tu. Wewe wanijua.

Dada yako,
Tusekile


Kihesa,
14 Mei 1956

Dada,

Shikamoo. Tu wazima sote.

Uliwajibu nini?

Ikupa


Kihesa,
6 Juni 1956

Dada,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata jibu, na barabara sasa ni kavu, kwa hiyo usiseme Chimala. Nampa barua hii dereva wa mbao ili aitie mkononi mwako.

Jana dereva mwenzake alikuja kwa kinyozi anacheka peke yake. Akawaambia watu kwamba mwaka huu Mbeya wameweka dawa nyuma ya goli, na dawa yenyewe inauza vyungu. Wengine hawakuelewa, wakadhani ni uchawi, wakasema na wao watafute mganga. Asukile alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Alielewa. Alikaa mpaka nusu ya pili ikaisha, akatoka, akaja moja kwa moja nyumbani.

Bartholomeo alimshauri akamwone kapteni amweleze yote. Asukile akakataa, akasema kapteni akijua atamtoa, na akitolewa watu watajua kwa nini. Mimi nikamshauri ajifanye mgonjwa siku ya safari. Akaniambia, "Mama mdogo, nimekwisha kuwa mgonjwa Mbeya mara moja. Inatosha."

Huku kwenye benchi wanahesabu Kombe limekwisha kuwa lao. Wanasema Isakwisa atarudi nyumbani na viatu vyake mkononi. Paskalina anakuja jioni kunisaidia kupepeta, na mama yake Jumamosi hakuja sokoni.

Dada, wewe ndiye mkubwa. Nilipokuwa mdogo ni wewe uliyeniosha na kunilisha. Sijapata kukuambia neno baya na sasa silisemi. Nakuuliza tu tena lile la mwezi uliopita.

Ikupa


Mbeya,
18 Juni 1956

Mdogo wangu Ikupa,

Ndaga. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu zuri, na jibu baya halistahili stempu. Ni mzima, ingawa leo sokoni watu wanne hawakuitikia salamu yangu, na mmoja nilimzalisha mimi.

Niliwaambia. Nianze na hilo, nisizunguke. Sedekia aliposema hakuna binadamu wa kumfunga Asukile, nilicheka. Nikasema yupo mmoja, tena mwanamke, tena hahitaji viatu. Nilikuwa najivuna tu kwamba namjua mwanangu kuliko wao. Hawakuniacha mpaka nikamaliza. Kesho yake nikaenda dukani kwake kusema nilikuwa natania. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. Akasema, "Mama, utani wako umetupa Kombe."

Halafu nikajituliza. Nikasema yule si mkwe wa Asukile, jembe si langu, alipeleka Bartholomeo. Akikimbia, ni yeye aliyejitafutia. Na Kilolo wakirudisha jembe, basi litakuwa limerudi mahali pake, na Alinanuswe yupo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wiki sita, na nilikuwa napata usingizi. Nakuambia ukweli ili usinidhanie mwema.

Jumamosi uwanja ulijaa, wengine walikaa juu ya bodi la lori lililowaleta Gangilonga. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, mlezi wa timu. Sikuwa nimemwona tangu Oktoba, Ikupa. Amepanuka mabega. Kipindi cha kwanza alikuwa goli la mbali, akadaka mashuti matatu ya Isakwisa, na kila alipodaka mdomo wangu ulifunguka nikaufunga kwa kiganja. Jirani zangu walikuwa wananitazama.

Kipindi cha pili wakabadilishana magoli. Ndipo nikaona kiti. Sedekia alikuwa ameleta kile cha dukani kwake chenye mto, akakiweka hatua tano nyuma ya goli, akamleta Apolonia, gauni safi, kitambaa kipya, ameambiwa ni mgeni wa heshima. Mama mnene, mpole, anatabasamu kwa kila mtu. Hakujua lolote. Asukile alikuwa hageuzi shingo. Mpira ukipita nje ya goli, alimngoja fulubeki auokote. Watu wakadhani ni maringo.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, Isakwisa anakwenda kufunga, fulubeki wao akaupiga mpira kwa mkono. Penalti. Isakwisa akauweka, akarudi nyuma. Uwanja ukatulia kabisa. Hapo Sedekia akasimama, akaita bila haraka, kama mtu anayemwita mwenzake chai.

"Golikipa, msalimie mkweo Apolonia. Amekaa nyuma yako."

Mikono ya Asukile ikashuka. Apolonia akashtuka, akataka kuinuka, lakini watu walikuwa wamebanana nyuma ya kiti na hakuna aliyempisha. Akajifunika uso kwa kitambaa chake kipya. Asukile hakugeuka. Alitazama upande wa viti, akanitafuta mpaka akaniona. Ningependa nikuambie alikuwa na hasira. Hakuwa nayo. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa ile ile aliyokuwa anaitegemea.

Sijui nilivyofika. Wanasema nilikatiza uwanjani na refa akanipigia filimbi, nami nikamwambia angoje. Nilivua shuka langu la begani, lile la mistari, nikalitandaza kwa mikono miwili mbele ya Apolonia, toka kichwani mpaka miguuni. Uso wangu ulikuwa kwake na mgongo wangu kwa uwanja. Nikasema kwa sauti yangu yote, na sauti yangu unaijua.

"Mkwe, samahani. Kaa humu ndani kidogo. Mwanangu yuko kazini."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema mama ameuza mechi. Sedekia akaja karibu na sikio langu. Akasema, "Mama Asukile, si ulituambia huna mkwe Kilolo? Sasa unaficha nani?"

Ni kweli, niliwaambia hivyo benchini, si mara moja. Na sasa nilikuwa nimesema vingine mbele ya Mbeya yote, na watu wa Chunya waliokuja kutuchungulia. Mzee wa kanisa alikuwa kiti cha pili kutoka changu. Nikalivuta shuka likanyooka zaidi.

Ndani ya shuka Apolonia akaninong'oneza salamu ya kwao, "Kamwene, mama." Nikamwitikia kamwene. Nikasikia filimbi. Nikasikia mguu wa Isakwisa, halafu kishindo kama cha gunia la mahindi likianguka chini. Halafu kelele, lakini za watu wachache tu, upande wa lori.

Mbeya yote ilimwona mwanangu akidaka penalti ya Isakwisa. Mimi sikuona.

Mechi iliisha hivyo hivyo, bila kufungana. Itarudiwa huko kwenu tarehe 30.

Jana baada ya ibada alikuja. Nilimpikia ndizi, akala sahani mbili, na mimi nikanyamaza, uulize mtu yeyote kama niliwahi. Alipomaliza akanawa. Akaniuliza, "Mama, uliiona?"

Nikamwambia sikuiona, nilikuwa nimeshika shuka.

Akavua shati la Jumapili, akalitundika, akaenda kusimama kati ya mparachichi na banda la kuku. "Basi piga wewe," akasema. Mpira hatukuwa nao. Nikachukua kabichi jikoni. Nikalitenga chini, nikakunja gauni, nikapiga kwa nguvu zangu zote, maana sikutaka aje aseme nilimpendelea. Akaruka kushoto, akalikumbatia, akaanguka nalo vumbini kwa kishindo kile kile, akabaki amelala pale anacheka.

"Ya Isakwisa ilikuwa kali kuliko hii," akasema. "Kidogo."

Kisha akanieleza kila kitu, vidole vilivyougusa mpira kwanza, na upande aliousoma kwenye bega la Isakwisa. Anajisifu huyu mtoto, Ikupa, sijui tabia hiyo ameitoa wapi. Alipokuwa anaondoka akasema mama yake Paskalina anauliza kama mama wa Mbeya hupanda basi. Nikamwambia hupanda.

Kwa mzee wa kanisa nimekwisha kwenda. Nilisema niliyokwenda kusema nikiwa nimesimama, maana kiti sikupewa. Alinanuswe alinisindikiza mpaka njiani, ana moyo mzuri kuliko baba yake. Ulezi wa timu Sedekia amenivua, na benchini wamesema wazi sina nafasi.

Nitapanda basi la tarehe 27. Usitandike kitanda siku ya kwanza, tutapitiliza Kilolo mimi na Bartholomeo. Jembe la kwanza alipeleka yeye, la pili nalibeba mwenyewe. Anifundishe njiani nani wa kumsalimu na nani wa kumkwepa, nisije nikaaibisha watu. Na umwambie Paskalina simjui sura, kwa hiyo asinikimbie, kwetu mama wa mume hakimbiwi.

Mdogo wangu, siku ya mechi nitafutie nafasi nyuma ya goli lake. Safari hii nataka kuona.

Tusekile